Ua Lenye Tumbo

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne niliishi majuma kadhaa nikiamini kwamba nimemuua mdogo wangu kabla hajazaliwa, na kwamba nimemuua kwa fyekeo la shule. Sisemi kwa kutania. Watu wazima hupenda kuzicheka hofu za utotoni, eti zilikuwa ndogo kwa sababu aliyekuwa nazo alikuwa mdogo. Yangu haikuwa ndogo. Nililala nayo, nikaamka nayo, nikaenda nayo shuleni na kurudi nayo, na hata leo nikisikia harufu ya majani mabichi yaliyokatwa, husimama nikasikiliza.

Kwetu ni Sapiwi, ambako pamba huanza karibu na mlango wa nyumba na kuishia macho yanapoishia. Tulikuwa wanne: baba, mama, mimi, na Bibi aliyemzaa baba. Nyumba ilizungukwa na uzio wa minyaa, na nyuma, kati ya jiko na minyaa hiyo, palikuwa na kipande cha ardhi kisichozidi upana wa vyumba viwili ambacho hakikuwahi kulimwa. Hapo viliota vyenyewe vitu vyote ambavyo shambani tulivikata kwa hasira: mgagani, mlenda pori, kivumbasha, na ndulele zenye maua ya zambarau na vitunda vya manjano ambavyo haviliwi. Katikati lilikuwa limelala gogo kavu lenye matundu. Baba alipaita ngitili ya nzi. Ngitili kwetu ni eneo la majani linalofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate malisho kiangazi, na baba alikuwa akimtania mama yake kwamba wenzake wanafungia ng'ombe, yeye anafungia wadudu.

Bibi hakuujali utani huo. Alichokataa ni bomba. Baba alipotoka kupiga dawa ya pamba, macho mekundu, nguo zikinuka, Bibi alisimama kati yake na kile kichaka akiwa amejishika kiuno.

"Nenda kalioshee mbali bomba lako," alimwambia. "Huko shambani umeshaua kila kitu mpaka sisimizi. Hapa niachie."

Na wadudu walikuwapo kweli. Asubuhi kulikuwa na vipepeo wadogo weupe juu ya mgagani, na yale madude meusi mazito yanayotoboa mbao za paa, yakining'inia kwenye maua ya ndulele na kuyatikisa. Vunjajungu walisimama kwenye vivumbasha na mikono yao ya kusali. Ndani ya gogo waliishi nyuki wadogo weusi wasiouma, wadogo kuliko punje ya mtama. Ukiweka sikio juu ya gogo ulisikia sauti ya chini isiyokatika, mfano wa watu wengi wakiongea katika nyumba iliyofungwa. Niliweka sikio mara moja tu. Sikurudia.

Sikurudia kwa sababu ya maneno ya Bibi. Siku moja nilikwenda na jembe kuchukua mgagani wa mboga, nikataka kung'oa shina zima nimalize kazi haraka. Bibi alinidaka mkono.

"Hapa mboga unachuma kwa vidole," alisema. "Jembe haliingii, panga haliingii. Vitovu vya watoto wote wa nyumba hii vimefukiwa hapa. Cha baba yako, na chako."

"Likiingia je, Bibi?"

"Likiingia, hawa wanaoongea humu watahama. Na wakihama, kila chenye mimba hapa nyumbani kitaharibu."

Hakukaza sauti wala kunitisha kwa macho. Alisema kama mtu anayekwambia usisahau kumfunga ndama, kisha akaendelea kuchuma. Pengine angepiga kelele ningesahau. Watoto tunazoea kelele.

Lazima nieleze neno hilo, mimba, lilikuwa na uzito gani nyumbani kwetu. Baada yangu mama alipoteza watoto wawili. Wa kwanza sikumjua. Wa pili nilimjua kwa kitenge kilichofungwa vizuri, kidogo sana, ambacho baba alikibeba kwa mikono miwili akitoka nje, na wanawake wakaniambia nikacheze. Mwaka huo ninaousimulia mama alikuwa na tumbo tena. Hakuna aliyelitaja. Mtu akimsalimia, macho yake yalishuka tumboni na kupanda haraka. Mama mwenyewe alikuwa akitembea kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa hadi pomoni.

Basi shule zilifunguliwa mwezi wa kwanza, na mimi nikachaguliwa kiranja wa usafi. Sijawahi kupata cheo kilichonilevya kama kile, hata nilipoajiriwa. Mwalimu wetu wa afya alisimama mstarini akatufundisha habari za malaria: tufukie madimbwi, tufyeke vichaka vyote kuzunguka nyumba, kwa kuwa kichaka nyuma ya nyumba ni makazi ya mbu na nyoka. Akasema Jumamosi atapita nyumba kwa nyumba kukagua, akianza na za viranja. Alinitazama aliposema hivyo. Au labda hakunitazama, lakini mimi nilijiona nimetazamwa.

Nilifikiria kile kichaka siku nzima. Nikamfikiria Bibi, asiyejua kusoma, na mwalimu, mwenye chaki na suruali iliyonyooshwa. Naona aibu kusema nilivyoamua, lakini niliamua hivyo. Ijumaa Bibi alipanda gari kwenda Lamadi kumwona dada yake, ambaye alikuwa akikausha dagaa huko ufukweni. Jumamosi asubuhi baba alikuwa kwenye pamba, mama amelala, miguu imevimba. Nikachukua fyekeo nililokuwa nalo kwa ajili ya shule, nikaingia.

Pigo la kwanza niliogopa. La pili niliogopa kidogo tu. Baada ya hapo fyekeo lilienda lenyewe, maana kufyeka kuna raha yake, mtu asidanganye. Mgagani ulilala. Ndulele zilinichoma miguuni nami nikazikata kwa kisasi. Vipepeo waliruka wakazunguka juu ya kichwa changu, wasijue watue wapi. Nilipomaliza palikuwa peupe kama uwanja wa shule, nikajisifu. Ila gogo lilikuwa linachafua macho. Sikuweza kulibeba, nikalikusanyia takataka zote za juzi na majani makavu ya mahindi ya mwaka jana, nikatia moto.

Liliwaka vizuri. Nilisimama pembeni nikiangalia, na katikati ya mlio wa moto ile sauti ya ndani ya gogo ilipanda, ikawa kali, ikawa nyembamba, halafu ikakatika. Ilikatika mara moja. Nilikuwa sijawahi kusikia nyuma ya nyumba yetu pakiwa kimya, na ukimya ule ulinifanya nigeuke kuangalia kama kuna mtu amesimama nyuma yangu. Hapakuwa na mtu. Nilikimbilia ndani nikakaa karibu na mama aliyelala, nikahesabu anavyopumua.

Mwalimu mwenyewe hakuja. Tulisikia baadaye kwamba Jumamosi ile alikuwa kitandani na malaria.

Bibi alirudi Jumapili alasiri na gunia dogo la dagaa kichwani. "Mwadila, Bibi," nilimsalimia kwa kupiga goti. "Mwadila, ng'wanone," akanijibu, mwanangu, huku akitua mzigo. Kisha akasimama, kichwa kikiwa upande, akisikiliza. Alienda nyuma. Sikumfuata, lakini kupitia upenyo wa jiko nilimwona akiinama, akachota majivu ya gogo kiganjani, akayaangalia, akayarudisha chini polepole kama mtu anayefunika kitu.

Wakati wa chakula aliuliza, "Nani alifyeka?"

Baba alishtuka, maana alikuwa hata hajaona. Mama akaweka mkono tumboni. Nami, kiranja wa usafi, nikasema: "Alipita bwana afya. Akafyeka yeye."

Bibi hakuniangalia usoni. Aliangalia mikono yangu iliyokuwa kwenye ugali, na viganja vyangu vilikuwa na malengelenge yaliyopasuka. Akamega tonge lake.

"Haya," alisema. "Tungoje."

Neno hilo limenitesa kuliko fimbo yoyote. Tungoje nini, hakusema. Wala sikuwa na wa kumwuliza. Nilianza kumchunguza mama kama askari anavyomchunguza mfungwa: akiinama, nilisimama, akikohoa, nilimkimbilia. Asubuhi niliangalia shuka lake kabla hajalikunja. Shuleni mwalimu alipopona akanisifu mbele ya wote kwa kuwa watoto wa jirani walimwambia nyumba ya Minza, yaani mimi, inang'aa, na wenzangu wakapiga makofi. Nilisimama pale nikipigiwa makofi, mikono nimeificha nyuma.

Kisha yakaja maboga.

Tulikuwa tumeyapanda katikati ya mahindi, upande wa jiko, na yalianza kutoa maua siku zile zile. Ua la boga ni la aina mbili, jambo ambalo kila mwanamke wa kwetu analijua kwa sababu ya mboga. Liko ua lenye shina jembamba tupu, hilo unachuma unapika. Na liko ua lililokalia kiboga kidogo, kijani, cha ukubwa wa kidole gumba, mwili wote umetimia. Hilo linaitwa lenye tumbo, na lenye tumbo halichumwi. Mwaka ule yenye tumbo yalikuwa mengi. Nilikuwa nayaangalia nikienda kisimani. Siku ya tatu, nne, kile kiboga kilianza kuwa cha manjano kuanzia nchani. Kikalainika. Ukikigusa kinabaki mkononi, na ndani ni maji. Kesho yake kingine. Kesho yake vitatu. Vilikuwa vinaanguka chini ya majani vikiwa na maumbo yao kamili, vidogo, vimekamilika na vimekufa.

Nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa nimeambiwa kila chenye mimba kitaharibu, na kila asubuhi mbele ya macho yangu kila chenye mimba kilikuwa kinaharibu. Nani angenishawishi vinginevyo? Nilianza kuviokota kabla mama hajaamka, asivione. Nilivifukia kwa mikono pale pale palipochomwa gogo, nikidhani labda nikivirudisha kwenye vitovu nitasamehewa. Kadiri nilivyofukia ndivyo vilivyozidi kuanguka. Baba alilalamika kwamba dawa ya pamba ya mwaka huu inafika mpaka kwenye maboga. Kila mara nilipoinua kichwa nilimkuta Bibi ananiangalia.

Siku moja katikati ya mwezi wa pili nilirudi kutoka shuleni nikamkuta mama amekaa chini kwenye mlango, ameshika kiuno kwa mikono miwili, uso umelowa. Kwenye kanga yake palikuwa na damu. Haikuwa nyingi. Ilikuwa alama ya ukubwa wa jani la mgagani, lakini niliiona kabla ya kumwona mama. Baba alikuja mbio na baiskeli, wakampakia kwa nyuma, jirani mmoja akimshikilia, wakaondoka kwenda zahanati. Walikwenda polepole mno. Nilibaki nimesimama barabarani mpaka wakapotelea kwenye kona, na begi bado mgongoni.

Nilirudi ndani nikamkuta Bibi anapepeta choroko. Sikukaa wala kupiga goti.

"Ni mimi," nilisema. "Bwana afya hakuja. Ni mimi nilifyeka, na gogo nilichoma mimi, na maboga nimeyafukia, na sasa mama."

Sikumaliza. Nililia kilio cha kukosa pumzi, na Bibi akaweka ungo chini.

"Najua," alisema. "Mikono yako iliniambia siku ile ile."

"Mama atakufa?"

"Sijui, ng'wanone."

"Mtoto je?"

"Sijui."

Nilitaka aseme hapana. Mtu mzima yeyote angesema hapana. Kwa miaka mingi nilimlaumu kwa "sijui" zile mbili. Sasa naona kwamba alikuwa ameamua kutonidanganya hata kidogo, na kwake kuniambia ukweli ilikuwa heshima. Lakini siku ile niliona ardhi inaondoka. Alinivuta akanikalisha ubavuni pake, nikabaki hapo mpaka baba aliporudi peke yake, akasema damu imekatika, muuguzi amesema alazwe siku mbili halafu akapumzike nyumbani, asinyanyue hata kikombe. Mtoto alikuwa bado anacheza.

Bado. Nililishika neno hilo.

Kesho yake, kabla jua halijachomoza, Bibi alinivuta mguu. "Amka. Kuna kazi."

Alinipeleka kwenye maboga. Maua yalikuwa yamefunguka tayari, ya manjano, makubwa, yenye umande. Akachuma moja lenye shina tupu, akalivua majani yake ya manjano moja moja mpaka kikabaki kile kidole cha katikati chenye unga. Akaniwekea mkononi.

"Hili ni dume. Sasa tafuta jike lililofunguka leo, lenye tumbo. Lipake unga huu pale katikati. Taratibu. Zunguka."

Nilipaka. Unga mwingine ukamwagikia majani.

"Wale uliowachoma ndio waliokuwa wanafanya hivi," alisema Bibi. "Wanatoka kwenye gogo, wanakunywa kwenye mgagani na ndulele, wakishiba wanapita huku, wanachukua unga wa dume na kuupeleka kwa jike. Huko kwenye pamba baba yako hakubakiza hata mmoja. Walikuwa hawa tu. Umewafukuza wafanyakazi, basi utafanya kazi yao wewe. Kila siku, kabla jua halijapanda, maana jua likipanda ua linafunga na siku imepotea."

"Mpaka lini?"

"Mpaka warudi."

"Na mama?"

Aliinama akanichumia dume jingine. "Fanya kazi," alisema.

Nilifanya. Sijawahi kufanya kazi yoyote kwa hofu kama ile. Niliamka kwenye giza jembamba la alfajiri bila kuamshwa, nikakagua mashina yote, nikawa najua ni ua lipi litafunguka leo na lipi kesho. Nilijiwekea imani yangu mwenyewe juu ya ile ya Bibi: kila jike ninalolipaka ni siku moja anayopewa mama. Nikiliruka moja, siku hiyo damu itarudi. Mara moja nililikuta limeshafunga kwa sababu mvua ilinichelewesha, nikajaribu kulifungua kwa kucha, likachanika. Siku hiyo sikula. Nilikaa miguuni pa kitanda cha mama mpaka akauliza, "Wewe mtoto una nini siku hizi? Unaniangalia kama maiti." Nikatoka nje nikaenda kulitazama lile ua lililochanika.

Siku ya sita au ya saba viboga viwili vya kwanza nilivyopaka vilikuwa havijageuka rangi. Vilikuwa vimenenepa. Niliviangalia nikaogopa kufurahi.

Upande wa nyuma mvua ilianza kupaziba. Mgagani ulichipua wenyewe, una haraka ule. Bibi alileta mbegu za ndulele kutoka kando ya barabara, watu wakamcheka, mzee anapanda ndulele! Akamwomba jirani mmoja gogo bovu kutoka kwenye ngitili yake, wakaliburuta kwa ng'ombe mpaka pale pale palipoungua. Na siku moja mwezi wa tatu, nikiwa nimechuchumaa na dume langu mkononi, lile dude jeusi zito lilikuja likanipita shavuni, likaingia ndani ya ua nililokuwa nimelifikia, likavuruga humo ndani, likatoka limejaa unga mgongoni. Nilipiga kelele. Bibi alikuja, akaona, akacheka kwa mara ya kwanza tangu atoke Lamadi.

"Haya, wenyewe wamerudi," alisema. "Umefukuzwa kazi."

Lakini mimi niliendelea kwa siri. Mtoto alikuwa hajazaliwa, nami sikuweza kuwakabidhi wadudu wawili watatu maisha ya mama yangu.

Alizaliwa mwishoni mwa mwezi, zahanati, mvua ikinyesha toka asubuhi. Baba alirudi amelowa hadi kwenye mifupa, akasimama mlangoni, na kwa muda ule aliosimama nilikufa kabisa. Kisha akasema, "Ni dume. Analia kama ng'ombe." Wakamwita Mabula, kwa ajili ya mvua. Mama aliporudi Bibi alimpikia boga la kwanza kukomaa, akamwekea kwenye bakuli, akanipa mimi nimpelekee. Mama alikula lote. Hakujua anakula nini, na mpaka leo sijamwambia.

Nilikuja kujua sehemu iliyobaki miaka mingi baadaye. Nilikuwa nimeolewa, nafundisha hapa Bariadi, nina mimba ya kwanza. Nilikwenda Sapiwi kumwona Bibi, ambaye macho yalikuwa yameanza kufifia. Tulikaa nyuma ya nyumba, kichaka kinavuma, nikamwuliza nilichotaka kumwuliza tangu darasa la nne.

"Bibi, ni kweli kwamba kufyeka hapa kunaharibu mimba?"

Alipapasa mpaka akapata mkono wangu.

"Mimi nilifyeka," alisema. "Nilipoletwa hapa nikiwa bibi harusi. Nilitaka mama mkwe aone nimelelewa vizuri, nikaamka mapema nikafyeka pote, nikafagia. Maboga yakaanguka. Halafu wangu wa kwanza akaanguka. Mama mkwe akaniambia ni mimi. Nikakubali."

"Lakini Bibi, maboga ni wadudu. Mtoto ni mambo mengine. Damu ya mama ilikuwa ni mambo mengine."

"Labda. Mnavyosema nyinyi mliosoma. Habari ya wadudu niliiona mwenyewe, polepole, miaka na miaka, kwa kukaa na kuangalia. Hiyo nyingine sikuipatia jibu." Alivifinya vidole vyangu. "Nilipoona mikono yako ile siku, nilijiona mimi. Mimi nilikaa tu nikingoja, asubuhi zote zile. Hakuna aliyenipa ua."

Mimba ile ilifika salama. Lakini sitasema uongo kwamba sikuogopa. Nilikuwa nimesoma biolojia, nimefundisha sehemu za ua ubaoni, na bado kila nilipokwenda kliniki nilikuwa nakumbuka gogo linavyonyamaza. Hofu ya Bibi ilikilinda kipande kile kuliko uzio wowote, kwa zaidi ya umri wa mtu mmoja, huku pamba na sumu zikikizunguka pande zote. Hilo nakubali. Lakini ilimla yeye kwanza, ikaja ikanila mimi, na sijaweza kuamua kama bei ilikuwa halali.

Leo nyuma ya nyumba yangu hapa mjini nina kipande cha hatua nane kwa tano. Kuna mgagani, kivumbasha, ndulele tatu, na gogo. Nahakikisha hakuna kopo wala shimo linalotuamisha maji, maana mwalimu wangu yule hakukosea yote. Jirani hunipitia na kusema, "Mwalimu, utatuletea nyoka," nami humpelekea boga anyamaze.

Juzi binti yangu, Kwandu, alirudi kutoka shuleni ameshika fyekeo. Ana miaka tisa. Amechaguliwa kiranja.

"Mama, tumeambiwa tufyeke nyuma ya nyumba."

Niliacha nilichokuwa nafanya. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamejipanga kama nilivyoyasikia: vitovu, wanaoongea humu, kila chenye mimba. Yangefanya kazi. Asingegusa hata jani maisha yake yote. Niliyameza, nikamshika mkono nikampeleka kwenye gogo, nikamwambia aweke sikio. Aliweka. Hakuogopa. Alifumba macho akasikiliza kwa muda mrefu, nikamweleza wanafanya nini humo, wanakwenda wapi, na kwa nini maboga yanawahitaji.

"Na nikifyeka kwa bahati mbaya?" aliuliza.

"Utaniambia siku hiyo hiyo. Halafu kesho yake tutaamka mapema, mimi na wewe, tufanye kazi yao."

Kisha akaenda kulirudisha fyekeo nyuma ya mlango.